Timu yetu ya kikapu chuoni imepata kocha mpya. Nipeni sababu moja ya kuamini

#1 UpepoWaJulai
Wakuu, habari za jioni.

Chuo sikitaji. Kipo hapa hapa Dodoma, waliopita pale watajijua. Msimu uliopita timu yetu ya wanaume ilishinda mechi mbili. Ya kwanza wapinzani walikuja watano kamili, mmoja akateguka kifundo kwota ya pili, wakamaliza wanne. Ya pili wapinzani hawakutokea kabisa. Ukihesabu kiungwana, hatujashinda kitu.

Sasa tumeletewa kocha. Ni mtumishi wa wizara moja kule Mtumba, alicheza ligi Dar kabla ofisi haijamleta huku. Halipwi hata nauli. Anafika saa kumi na moja jioni na shati la kazini, anakaa ukingoni mwa buti la gari lake, anavua viatu vyeusi anavaa raba, soksi zile zile za ofisini. Wiki ya kwanza nzima hakuturuhusu kurusha mpira golini. Wiki nzima! Ilikuwa miguu tu: kutua kwa miguu miwili, kugeukia mguu mmoja, kurudi nyuma bila kugonganisha visigino. Mtu akijisahau akarusha, timu nzima inakimbia mpaka ukuta wa maktaba na kurudi. Wenzangu wawili wameshaacha.

Swali: kocha peke yake anaweza kuinua timu ya chuo iliyozoea kufungwa? Au tunachoshana bure na mitihani ndiyo hiyo inakuja?

#2 ZabibuMbichi
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa pale, karanga mkononi.

#3 RibaundiChangombe
Anaweza, na ushahidi upo. Mimi ni mlevi wa vikapu vya vyuo vya Marekani, nalala saa tisa usiku kwa ajili yake. Msimu wa 2023/24 Michigan walishinda 8 wakafungwa 24. Wakamfukuza Juwan Howard, wakamleta Dusty May. Msimu uliofuata wameshinda 27 wamefungwa 10, wakabeba na kombe la kanda yao ya Big Ten. Louisville ndiyo usiseme: 2022/23 walishinda 4 wakafungwa 28, mwaka uliofuata 8 kwa 24. Akaja Pat Kelsey, mwaka wake wa kwanza 27 kwa 8.

Jengo lile lile, jezi zile zile. Kilichobadilika ni kocha.

#4 KitiChaNyuma
Mkuu #3 umetupa takwimu nzuri ukaficha mchuzi. Kelsey alikuta wachezaji wangapi wa zamani pale Louisville? Kikosi karibu chote kilikuwa kipya. Dusty May alikuja Michigan na jitu lake Goldin, mita mbili na zaidi, kutoka chuo alikotoka, akaongeza mwingine mrefu kutoka Yale. Kule tangu 2021 mchezaji anahama chuo na kucheza msimu unaofuata bila kukaa benchi mwaka mzima, na tangu Julai mwaka huo huo anaruhusiwa kulipwa kwa jina lake na sura yake. Kocha mpya kule anakwenda sokoni na kapu.

Sasa kocha wa mleta uzi aende soko gani? Soko la Majengo hapa mjini?

#5 RibaundiChangombe
Na nani anachagua cha kuweka kwenye kapu? Si kocha huyo huyo?

#6 KitiChaNyuma
Kapu bila hela ni kofia, mkuu.

#7 ZabibuMbichi
😂😂 Kula tano.

#8 Mzee_wa_Mazengo
Wajukuu, marahaba kwa wote mtakaoniamkia.

Mimi nilisoma Mazengo Sekondari miaka ya themanini, majengo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha St John's. Nawaambieni, mwalimu wa michezo alikuwa mmoja, anafundisha na jiografia. Timu ilikuwa inaogopwa kwa sababu ya nidhamu. Ukichelewa mazoezi unafyeka nyasi nyuma ya bweni, hata uwe nyota wa namna gani. Huyo kocha anayewakimbiza mpaka maktaba namwelewa kabisa, na hao wawili walioacha wamemsaidia kazi.

Kocha mzuri haangalii mkoba. Tazameni yule wa chuo cha Duke kule Marekani, jina lake gumu, Krzyzewski. Alifika tu mambo yakanyooka.

#9 Kikokotoo
Shikamoo mzee. Hapo pa Duke naomba nikurekebishe kwa heshima. Alichukua timu mwaka 1980. Msimu wa pili alishinda 10 akafungwa 17, wa tatu 11 kwa 17. Ubingwa wa kwanza ni 1991. Hiyo ni miaka kumi na kitu. Na John Wooden wa UCLA alianza 1948, kombe la kwanza la taifa akalipata 1964. Ukihesabu na hilo, akabeba 10 ndani ya misimu 12.

Kwa hiyo wanachokisahau watu ni muda. Huyo wa Duke wangemfukuza mwaka wa tatu, leo tusingemjua.

#10 Mzee_wa_Mazengo
Marahaba. Nimerekebishika. Lakini umenisaidia hoja: hawakumfukuza.

#11 DadaRatiba
Nimefanya kazi ofisi ya taaluma ya chuo fulani (sicho hicho, msinitafute), naomba niongee kama mtu anayepanga vipindi.

Kikokotoo anaongelea miaka kumi. Mwanafunzi wa shahada nyingi anakaa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza anashangaa mji, anatafuta chumba, anasubiri bumu. Anaanza mazoezi kama Februari. Halafu mitihani. Halafu fildi, wengine Mwanza, wengine Mtwara, mpira hagusi miezi miwili. Mwaka wa pili ndiyo anacheza. Mwaka wa tatu ana utafiti, na akiwa na sapu mbili mama yake mwenyewe anamkataza kikapu. Kocha anampata mchezaji kamili miezi kama minane, basi. Kila mwaka anaanza upya na watu ambao hawajawahi kukimbia mpaka maktaba.

Na kipindi cha saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, niwaombe radhi, ni sisi tunaokipanga. Madarasa hayatoshi.

#12 UpepoWaJulai
Dada #11 umenigusa. Pointi gadi wetu, yule anayepanga mashambulizi, ana kipindi cha takwimu Jumanne na Alhamisi hadi saa kumi na mbili kasoro. Akifika, jua linazama. Uwanja hauna taa. Kocha anawasha taa za gari anaelekeza golini, tunacheza dakika ishirini mpaka aogope betri.

#13 ZabibuMbichi
Hiyo ya taa za gari ni chai.

#14 UpepoWaJulai
Njoo Alhamisi uishuhudie. Uje na mafuta.

#15 Namba9_wa_zamani
Nimesoma uzi wote nikicheka kwa uchungu, maana hicho chuo nimekijua kwa ukuta wa maktaba. Nimecheza pale misimu mitatu. Mnataja kocha, hela, ratiba. Hakuna aliyetaja UPEPO.

Uwanja ule uko wazi upande wa mashariki, hakuna jengo wala mti. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wa Dodoma jioni unapiga moja kwa moja golini, na vumbi lake. Ukirusha mpira juu kama inavyofundishwa, unatua kwenye baiskeli za watu. Kwa hiyo tulijifunza wenyewe kurusha chini chini, mpira unakwenda umenyooka kama jiwe la manati. Nyumbani tulikuwa tunafunga. Wageni walikuwa wanashangaa.

Tukienda kucheza ndani ya ukumbi, au mahali penye majengo pande zote, tunagonga chuma tu. Sababu ni hesabu. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira ni kama 24. Mpira ukishuka kutoka juu kabisa unaona mlango wote wa 45. Ukiingia kwa nyuzi 45 mlango unabaki kama 32. Ukiingia kwa nyuzi 30, mlango ni 22 na nusu. Yaani mpira mkubwa kuliko mlango! Lazima ugonge chuma kwanza, uombe Mungu uingie kwa huruma.

Makocha watatu nimepita mikononi mwao pale. Wote walisema "nyanyua mkono". Hakuna aliyeuliza kwa nini tunarusha hivyo.

#16 Kikokotoo
Nimepiga hesabu, #15 yuko sahihi. 45 mara saini ya 30 ni 22.5. Sikutegemea kukutana na trigonometria kwenye uzi huu.

#17 KitiChaNyuma
Yaani mmefungwa miaka mitatu na upepo. Nimesikia visingizio, hiki nakiwekea fremu.

#18 RibaundiChangombe
Kwa hiyo kocha mpya asirushiwe lawama, arushiwe ukuta. Mchangie matofali.

#19 Namba9_wa_zamani
Cheka tu. Umeona kocha huyu kakataza kurusha wiki nzima? Inawezekana ndiye wa kwanza aliyeona. Anataka msahau kwanza mkono wa zamani. Mleta uzi, muulize.

#20 BintiKondoa
Samahanini kaka zangu, naomba niwaharibie sherehe.

Timu ya wanawake ya chuo hicho hicho, nimeifahamu kwa sababu mdogo wangu anacheza. Uwanja huo huo. Upepo huo huo. Ratiba hiyo hiyo, tena wao wanapewa uwanja baada ya wanaume kumaliza, giza likiwa limeshaingia. Msimu uliopita wamefungwa mechi mbili tu. Kocha wao ni nani? HAWANA. Nahodha ndiye anapanga kikosi, anaandika kwenye daftari la mihadhara.

Sasa nielezeni.

#21 ZabibuMbichi
Kimyaaa.

#22 KitiChaNyuma
Nimeweka karanga chini.

#23 Mzee_wa_Mazengo
Binti, nidhamu hiyo. Nilisema.

#24 BintiKondoa
Shikamoo babu. Nidhamu ipo, lakini mdogo wangu anasema siri ni nyingine: wanne kati ya watano wa mwanzo wametoka sekondari moja. Wamecheza pamoja UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, tangu kidato cha pili. Hawaitani majina wakiwa uwanjani, wanatazamana tu. Wakaomba chuo kimoja kwa makusudi. Wale wakimaliza mwaka wa tatu wote kwa pamoja, njoo tuongee tena.

#25 RibaundiChangombe
Umeona? Hiyo kazi ya kuwakusanya ilifanywa na mwalimu wa sekondari huko nyuma. Kocha yupo, ila hamumuoni. Hoja yangu imesimama.

#26 DadaRatiba
Hoja yako imehama mara tatu tangu #3, kaka, tumekuhesabia.

#27 MwanaBahi
Tatizo ni urefu jamani. Huku kati warefu hakuna, tunakula mlenda. Hasheem Thabeet angezaliwa Bahi tungekuwa mbali. Yule alichaguliwa wa kwanza NBA nzima.

#28 Kikokotoo
Wa pili, mkuu. Mwaka 2009, Memphis Grizzlies. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Na mlenda hauhusiani, kuna Wagogo humu watakufuata.

#29 Mzee_wa_Mazengo
Tumeshafika. Mbukwa, MwanaBahi. Chifu Mazengo, ambaye shule ilipewa jina lake, alikula mlenda na alitawala. Njoo nyumbani Kikuyu nikupe bakuli, urefu utaupata baadaye.

#30 MwanaBahi
Babu nimekosa, mimi mwenyewe ni Mgogo 🙏 Ugali wa uwele upo?

#31 RibaundiChangombe
Turudi. Huyo huyo Thabeet ni mfano. Alishika mpira wa kikapu amekwisha kuwa kijana wa miaka kama 15, akaenda chuo cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun. Huyo Calhoun alipoichukua timu 1986, msimu wa kwanza alishinda 9 akafungwa 19. Baadaye makombe matatu ya taifa: 1999, 2004, 2011. Kocha anamfundisha mrefu asiyejua na anaivumilia timu mbovu. Vyote viwili.

#32 KitiChaNyuma
Na mimi nina wangu. Patrick Ewing. Hakuna jina kubwa kuliko hilo pale Georgetown, alibeba kombe akiwa mchezaji 1984. Wakampa timu 2017. Misimu yake miwili ya mwisho: ameshinda 6 kafungwa 25, kisha 7 kwa 25. Msimu mmoja katika kanda yao alifungwa mechi zote 19. Zote! Na mwaka mmoja kabla ya hapo, 2021, alikuwa amebeba kombe la kanda hiyo hiyo. Kocha yule yule. Eleza.

Halafu kuna James Naismith. Huyu ndiye aliyeubuni mchezo wenyewe, Desemba 1891, Springfield. Alikwenda kufundisha Kansas, akamaliza na ushindi 55 na vipigo 60. Kansas ni miamba, wamepata makocha wengi, na ni yeye tu aliyeondoka akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Aliyeuleta mchezo duniani!

#33 ZabibuMbichi
Hapo kwa Naismith umeniua. Aliyebuni kikapu alikuwa anafungwa kikapu.

#34 RefaMstaafu
Habari za humu. Nimechezesha mkoa huu miaka mingi, nawasoma tu. Kocha kubadilisha timu kunaonekana dakika tano za mwisho. Timu mbovu ikibanwa, kila mtu anataka kuwa shujaa, inarushwa mipira kutoka katikati ya uwanja. Timu yenye kocha inapasiana. Sihitaji kuangalia ubao wa matokeo kujua. Mleta uzi, angalia hapo, usihesabu ushindi.

#35 UpepoWaJulai
Asante refa. Nitaangalia. (Ingawa wewe kama ndiye ninayemfikiria, ulinipa faulo ya tano pale Jamhuri ambayo sijaigusa.)

#36 RefaMstaafu
Uliigusa.

#37 MpigaKuraKisasa
Na ile St John's iliyofufuka msimu wa 2024/25 mbona hamuitaji? Kocha Pitino aliikuta haisikiki, mwaka wa pili wakashinda 31 wakafungwa 5.

#38 MwanaBahi
He! St John's wetu hapa Kikuyu wana timu kali hivyo?? Babu hukutuambia!

#39 MpigaKuraKisasa
Ya New York, ndugu yangu. Ya New York.

#40 Mzee_wa_Mazengo
Nilishaanza kutafuta jezi.

#41 KitiChaNyuma
Hiyo nayo mkitaka kuitumia, semeni na mwisho wake: 2025 walitolewa raundi ya pili tu ya mashindano ya taifa, na Arkansas. Na nyuma yao kuna watu wenye fedha za kutisha.

#42 UpepoWaJulai
Nimerudi na majibu. Nimemuuliza kocha kuhusu upepo kama alivyosema #15. Akanyamaza kidogo, akatoa simu, akanionyesha video alizoturekodi siku ya kwanza kabla hata hajajitambulisha. Kumi na mmoja tulirusha, kumi na mmoja chini chini. Akasema, "Nilidhani mmefundishwa na mtu mmoja mbovu, kumbe ni upepo." Sasa tunarusha asubuhi saa kumi na mbili na nusu, upepo ukiwa umelala, na jioni tunafanya ulinzi tu.

Ila kuna hili pia, na ndilo linaloniuma. Familia yake ipo Dar. Kila Ijumaa jioni anapanda treni ya SGR, anarudi Jumapili usiku. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo timu yote haina vipindi. Na mwenyewe ametuambia ameomba uhamisho arudi kwao. Hajajibiwa bado.

#43 DadaRatiba
Pole. Hiyo ndiyo Dodoma ya sasa. Ofisi zimewaleta watu wazuri, mioyo yao ipo Ubungo.

#44 Namba9_wa_zamani
Akiondoka mtarudi kurusha manati ndani ya mwezi mmoja. Andikeni mazoezi yake kwenye daftari kama nahodha wa kina dada.

#45 BintiKondoa
Au muombeni nahodha wa kina dada awafundishe. Najua hamtaki. Nauliza tu.

#46 ZabibuMbichi
Nimekuja Alhamisi. Taa za gari ni kweli. Naomba radhi kwa #13. Nimechangia lita tano.

#47 RibaundiChangombe
Mechi lini?

#48 UpepoWaJulai
Tumecheza jana. Tumefungwa 58 kwa 54. Msimu uliopita timu hiyo hiyo ilitufunga kwa tofauti ya 37, nahodha wao alikuwa anakula muwa kwenye benchi.

#49 RibaundiChangombe
POINTI NNE. Nilisema nini? Kocha!

#50 Namba9_wa_zamani
Mlicheza wapi, ndani au nje?

#51 UpepoWaJulai
Ndani.

#52 Namba9_wa_zamani
Sina la kuongeza.

#53 KitiChaNyuma
Ngoja kwanza. Hao wapinzani si walikuwa na wahitimu saba mwaka jana? Wameondoka wote. Labda wao ndio wameshuka.

#54 Mzee_wa_Mazengo
Dakika tano za mwisho mlifanya nini? Refa alituagiza.

#55 UpepoWaJulai
Tulikuwa mbele kwa moja zikibaki dakika mbili, mzee. Tulipasiana vizuri kabisa mara tatu. Ya nne nikarusha mimi kutoka katikati ya uwanja.

#56 RefaMstaafu
Nilikuwepo. Nilifumba macho.

#57 MwanaBahi
😂😂😂 Maktaba inakusubiri.

#58 UpepoWaJulai
Nimeshakimbia. Peke yangu, saa kumi na mbili asubuhi, yeye amekaa kwenye buti anakunywa chai ya maziwa. Jumatano tuna mechi nyumbani, saa kumi jioni. Anayeweza aje na neti ya ringi, tulinunua mbili Sabasaba, moja imeshaibwa.